Magari ya tabo ya bei nafuu yapimwe Kitonga

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya gazeti lako iliyolinganisha magari ya tabo, yaani yenye kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada, ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuyanunua kwa ajili ya raha ya kuendesha, na ninamshukuru mwandishi wako kwa kuligusa jambo ambalo kurasa za magari hulipita, kwa kuwa nafasi yake huchukuliwa na magari makubwa ya viongozi na ya watalii. Pamoja na shukrani hizo, naomba nafasi nieleze kwa nini sikubaliani na mpangilio wake. Makala iliyapanga magari kwa nguvu za farasi, ikaongeza sekunde za kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, kisha ikalitangaza Subaru Impreza WRX kuwa mshindi. Mimi ni mkazi wa Iringa, na kwa barabara za huku ninampa ushindi mshiriki aliyetajwa kwa sentensi moja tu mwishoni mwa makala, yaani Suzuki Swift Sport ya kuanzia mwaka 2017.

Jambo lililosahauliwa kabisa ni mwinuko, nalo ndilo linaloipa tabo maana kubwa zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi tambarare. Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa inayoivuta, na hewa ikiwa nyepesi, petroli inayoweza kuchomwa nayo hupungua. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 15, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Toyota Altezza RS200 ya gia za kukanyagia klachi, ambayo vijana wetu wameipenda miaka mingi na haina tabo, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Ikifika Iringa hubakiwa na 180 hivi bila kuharibika chochote, na ikiendelea hadi Mbeya au Njombe hupungukiwa zaidi. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi hubadilisha plagi na chujio la hewa, na gari linabaki vilevile.

Tabo hupunguza hasara hiyo kwa njia iliyo rahisi kuieleza. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na jingine lililo upande wa hewa safi, na hilo la pili huisukuma hewa kuingia kwenye silinda kwa msongo mkubwa kuliko ule wa hewa ya nje. Kompyuta ya injini hupima msongo uliofika ndani, kwa hiyo hewa ya nje ikiwa nyepesi huiacha tabo izunguke kwa kasi zaidi hadi msongo unaotakiwa upatikane. Hilo nalo lina gharama zake, kwani hewa iliyosukumwa sana hupata joto, tabo huchelewa kidogo kushika, na mhimili wake, ambao hata katika hali ya kawaida huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hufanya kazi ngumu zaidi. Lakini kwa mtu anayeishi Iringa, Mbeya au Nairobi, tofauti kati ya injini yenye tabo na isiyo nayo ni kubwa kuliko ile inayoonekana katika karatasi za kiwandani, ambazo vipimo vyake hurekebishwa vilingane na hali ya karibu na usawa wa bahari.

Sasa tuufikirie mlima Kitonga, ambao kila anayetoka Dar es Salaam kuelekea Nyanda za Juu Kusini anaufahamu. Baada ya kuiacha Ruaha Mbuyuni, barabara hupanda kwa kona zinazofuatana hadi karibu na Ilula, na malori yanayokwenda Tunduma na nchi za jirani hujikokota kwa gia ya chini kabisa. Dereva wa gari dogo anayesubiri nyuma ya lori hana haja ya kujua gari lake lina nguvu ngapi injini inapolia kwa mizunguko 6,000 kwa dakika. Anachotaka kujua ni kama gari litaitika mara moja akikanyaga mafuta akiwa gia ya tatu na injini iko kwenye mizunguko 2,000 hadi 3,000, ili pale mstari wa katikati unapomruhusu kupita apite, arudi upande wake na kuendelea na safari. Nguvu inayohitajika hapo ni ile ya kusokota, ambayo hupimwa kwa niutonimita, na makala ya mwandishi wako haikuitaja hata mara moja.

Tuiangalie basi. Impreza WRX ya miaka ya mwanzo ya 2000, ambayo ndiyo iliyo karibu na mfuko wa wengi, ina injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 250 na msokoto wa takriban niutonimita 330, lakini msokoto huo hufikia kilele kwenye mizunguko 3,600, na chini ya 3,000 gari hilo lina uzembe unaojulikana na kila aliyelimiliki. Swift Sport ina injini ya lita 1.4 yenye nguvu za farasi 140 tu na niutonimita 230, na kilele hicho hufikiwa kwenye mizunguko 2,500. Anayesoma namba hizo peke yake atasema hakuna mashindano. Lakini WRX ina uzito wa takriban kilo 1,400, ilhali Swift Sport ya gia za kukanyagia klachi ina kilo 970. Ukigawanya msokoto kwa uzito, magari hayo mawili yanalingana kabisa, na Swift huutoa msokoto wake mizunguko zaidi ya elfu moja kabla ya WRX. Ukigawa uzito kwa nguvu za farasi, ni kweli WRX inashinda, kwa kuwa kila farasi wake anavuta kilo 5.6 na wa Swift kilo 6.9, na kwenye barabara iliyonyooka na iliyo wazi WRX itaondoka na kuiacha Swift bila ubishi. Swali ni wapi nchini mwetu barabara hiyo iko wazi kihalali. Ndani ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa na askari mwenye tochi amesimama chini ya mwembe. Katika hifadhi ya Mikumi mwendo unadhibitiwa kwa ajili ya wanyama. Na nje ya hapo kuna mabasi, bodaboda, baiskeli na watoto wanaotoka shule.

Raha ya kuendesha, kwa hiyo, kwa mtu anayetii sheria, inapatikana kati ya kilomita 50 na 100 kwa saa, katika kona, katika kubadilisha gia kwa wakati wake, na katika kuhisi kupitia usukani jinsi matairi ya mbele yanavyoshika lami. Hapo ndipo wepesi unapolipa. Gari jepesi huingia kona bila kusukumwa nje na uzito wake, husimama kwa umbali mfupi, hutumia breki na matairi taratibu zaidi, na humfanya dereva aone anafanya jambo la maana hata akiwa kwenye mwendo ambao trafiki hawezi kumwandikia faini. Katika WRX mwendo uleule hauna ladha yoyote, kwa sababu gari linakuwa halijaamka bado. Nimeyaendesha yote mawili katika barabara ya Iringa hadi Mafinga, na nilipokuwa ndani ya WRX nilijikuta nikitafuta mahali pa kuvunja sheria ili nilifurahie.

Sitaki, hata hivyo, nionekane ninaifanyia Swift kampeni. Uvungu wake una kimo cha milimita 120 tu, na kwa matuta yetu, ambayo kila kijiji hujijengea kwa kimo kinachokipendeza, hilo ni tatizo la kila siku. Matairi yake ya 195/45 kwenye rimu za inchi 17 yana ukuta mwembamba, shimo moja la masika linaweza kupinda rimu, na kipimo hicho si rahisi kukipata mikoani. Shokapu zake ni ngumu, na wazee wakikaa kiti cha nyuma watakuambia. Tena mnunuzi ajihadhari na jina lenyewe: Swift Sport zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 zina injini isiyo na tabo. Ni magari mazuri na yanapendeza kuyaendesha, lakini huku kwetu milimani yanachoka kama Altezza inavyochoka, na baadhi ya wauzaji wanayatangaza kana kwamba yote ni sawa.

Kwa mwenye familia, au mwenye shamba linalofikiwa kwa barabara ya udongo, jibu langu ni jingine. Subaru Forester 2.0XT ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2007 ina nguvu za farasi 230, msokoto wa takriban niutonimita 320 kwenye mizunguko 2,800, magurudumu yote manne yanayovuta wakati wote, na uvungu wenye kimo cha zaidi ya milimita 200. Injini yake imelazwa, silinda mbili kila upande, hivyo uzito wake uko chini na gari halilali sana kwenye kona kama kimo chake kinavyotishia. Inapopanda Kitonga ikiwa na watu watano na mizigo, haina mpinzani wa bei yake. Kasoro yake kubwa ni giaboksi ya otomatiki ya gia nne, ambayo mlimani hubaki ikisitasita kati ya gia ya pili na ya tatu. Zipo zenye gia tano za kukanyagia klachi, lakini ni adimu. Kizazi kilichofuata, cha kuanzia mwaka 2012, kilipandishwa hadi nguvu za farasi 280, na ni gari la kasi kweli, ila giaboksi yake ya CVT, yaani isiyo na gia za hatua, huifanya injini ipaze sauti kwanza na gari lifuate baadaye, jambo ambalo kwa anayetafuta raha ya usukani ni hasara isiyofidiwa na farasi 50 za ziada.

Jina la Subaru katika Afrika Mashariki lina uzito wa kihistoria, na ninadhani ndilo lililomvuta mwandishi wako. Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 akiwa na Impreza, Colin McRae akashinda mashindano hayo mwaka 1997, na Richard Burns akashinda mwaka 2000, wote katika Impreza. Tusisahau, hata hivyo, kwamba gari la mashindano lilikuwa na msafara wa mafundi nyuma yake, na helikopta juu. WRX unayoipata leo katika soko la mitumba imepitia mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kila mmoja wao aliinunua kwa sababu ileile. Mara nyingi ekzosi imebadilishwa, msongo wa tabo umeongezwa na mtu asiyejulikana, na gasketi ya hedi imeshafunguliwa angalau mara moja.

Volkswagen Golf GTI ilistahili maelezo marefu kuliko iliyoyapata. Kizazi cha tano, kilichoanza kuuzwa mwaka 2004, kina injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200 na niutonimita 280 zinazopatikana kuanzia mizunguko 1,800, na huo ndio mwitiko wa mapema kuliko wote niliowataja. Uzito wake ni zaidi kidogo ya kilo 1,400, kwa hiyo kila farasi anabeba kilo 7 na ushee, karibu sawa na Swift. Kwa utulivu kwenye kona na kwa ubora wa vifaa vya ndani, hakuna gari la Kijapani la bei hiyo linaloifikia. Makala ilisema giaboksi zote za Volkswagen za klachi mbili ni hatari, na hapo ilichanganya mambo. Giaboksi iliyoleta malalamiko mengi ni ile ya gia saba yenye klachi kavu, iliyofungwa katika Golf za injini ndogo. Ndiyo iliyoifanya kampuni iyaite magari zaidi ya 380,000 kwa marekebisho nchini China mwaka 2013. GTI za kizazi cha tano na cha sita zina giaboksi ya gia sita ambayo klachi zake zinaoga kwenye oili, na inadumu vizuri iwapo oili hiyo na chujio lake vitabadilishwa kila kilomita 60,000. Tatizo ni kwamba wengi waliotangulia kulimiliki gari hawakubadilisha, kwa kuwa waliambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi, aliye karibu na gereji yenye kompyuta na fundi anayeijua kazi hiyo, ningesema anunue GTI bila kusita. Kwa mkazi wa Songea, nisingesema hivyo.

Mengine nitayapita haraka. Nissan Juke 16GT ina nguvu za farasi 190, na toleo lake la magurudumu manne lina giaboksi ya CVT inayoizima furaha yote. Mitsubishi Lancer Ralliart, yenye farasi 240, inafurahisha sana hadi siku giaboksi yake ya klachi mbili itakapohitaji vipuri. Toyota Caldina GT-Four yenye farasi 260 iliacha kutengenezwa mwaka 2007 na zilizobaki ni za kubahatisha. Ningependa pia kumkumbusha mwandishi wako kuhusu Suzuki Alto Works ya mwaka 2015, yenye injini ya cc 660 na farasi 64 tu, lakini uzito wake ni kilo 670. Si gari la kwenda nalo Tunduma, lakini asubuhi ya Jumapili katika barabara tupu ya milimani linachekesha kwa raha, na halijui kunywa petroli.

Kuhusu bei, makala ilitumia bei za mnada wa Japani kana kwamba gari linashuka bandarini bila kukutana na mtu. Hapa Tanzania gari lililozidi umri wa miaka minane hutozwa ushuru wa uchakavu, na lililozidi kumi hutozwa zaidi. Vilevile ushuru wa bidhaa huangalia ukubwa wa injini, na aliye juu ya cc 2,000 hulipa kiwango kikubwa kuliko aliye chini yake. Kwa hiyo WRX ya mwaka 2003 inayoonekana rahisi kule Yokohama hupoteza urahisi wake ikishafika Dar es Salaam, ilhali gari lisilozidi miaka minane halibebi mzigo huo wa uchakavu. Wenzetu wa Kenya wao hawaruhusiwi kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane, ndiyo maana WRX za zamani zilizomo nchini mwao zinazunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Gharama inayofuata ni ya matunzo, nayo kwa gari la tabo haina njia ya mkato. Oili hiyohiyo inayolainisha injini ndiyo inayoushika mhimili wa tabo, na ikichafuka au ikipungua, tabo ndiyo hufa kwanza. Kubadilisha oili nzuri kila kilomita 5,000, kutoikanyagia injini ikiwa baridi, na kuiacha ingurume kwa muda mfupi baada ya kupanda mlima mrefu kabla ya kuizima, ni mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuwa tayari kuyafanya siku zote. Mengi ya magari haya yalikusudiwa kutumia petroli ya okteni ya juu inayouzwa Japani, na maelekezo hayo yamebandikwa kwenye kifuniko cha tangi, kwa maandishi ambayo wengi wetu hatuyasomi. Kabla ya kununua, fundi apime msongo wa kila silinda, aangalie kama gari linatoa moshi wa bluu baada ya kunguruma kwa dakika kadhaa na kukanyagiwa mafuta, na achunguze iwapo intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, na mipira yake ni ile ya kiwandani. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo amekwisha kujibu maswali yote.

Iwapo gazeti lako litaurudia ulinganisho huo, ninapendekeza majedwali yaongezewe uzito wa gari, msokoto na mizunguko unakopatikana, kimo cha uvungu, na bei ya seti moja ya matairi katika mji ulio nje ya Dar es Salaam. Zaidi ya hapo, ninapendekeza WRX, Golf GTI, Forester XT na Swift Sport zipandishwe Kitonga siku moja, kila moja ikiwa na watu wawili na mizigo ya uzito uleule, zikifuata sheria zote za barabara, na madereva wabadilishane magari njiani kisha kila mmoja aandike maoni yake bila kumwonyesha mwenzake. Matokeo yachapishwe yote, hata kama WRX itashinda.

Msomaji wako,
Iringa